Chakula cha mwenye presha ya kupanda katika nyumba inayokula sinia moja

Binti Mkomani (Lamu) anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu na wazee wangu.

Ninaishi mtaa wa Mkomani, Lamu, na nyumbani tuko watu sita: baba, mama, mimi, mdogo wangu wa kiume, na watoto wawili wa marehemu dada yangu. Mama ana presha ya kupanda, na alipopimwa kliniki mara ya mwisho ilisoma 164 kwa 98, hivyo daktari akamwongezea dawa. Sasa anakunywa amlodipini na enalaprili kila siku bila kukosa. Pamoja na dawa alipewa karatasi ya maelekezo ya chakula, akaambiwa aifuate kama anavyozifuata dawa, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika jiko, kazi ya kuifuata karatasi hiyo imeniangukia mimi.

Tatizo langu la kwanza ni kwamba karatasi yenyewe inataja brokoli, shayiri iliyopondwa, samaki aina ya samoni na maziwa yaliyoondolewa mafuta, vitu ambavyo sokoni kwetu havipo, au vikiwapo bei yake si ya kila siku. Haisemi neno juu ya mbaazi, mchicha, mkate wa mofa, changu wala wali wa nazi, ambavyo ndivyo tunavyokula. La pili, ambalo ndilo linaloniumiza zaidi, ni kwamba sisi tunakula sinia moja. Nilipotaka kumtengea mama sahani yake isiyo na chumvi alikataa. Hakugomba, aliisogeza tu pembeni, akasema kwamba yeye hajawa mgeni katika nyumba yake, kisha akatia mkono kwenye sinia pamoja na wajukuu zake. Baba naye anaona kwamba chakula kisichokolea ni chakula cha mgonjwa, wala hataki watoto walishwe hivyo. La tatu ni ng'onda na papa mkavu, ambavyo mama anavipenda kuliko nyama, na wakati wa kusi, bahari inapochafuka na samaki wabichi wakaadimika, ndivyo vinavyokuwa kitoweo chetu.

Naomba ushauri kwa wenye ujuzi na kwa wanaoishi na hali hii. Je, nishike msimamo wa kupika vyungu viwili, au ipo njia ya kupika chungu kimoja kitakachomfaa mama na wengine wakakila kwa hamu?

Muuguzi Mstaafu (Malindi) anajibu:

Waalaykum salaam binti yangu. Mungu akulipe kwa kumshughulikia mzazi wako.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake linabeba mengine yote: pika chungu kimoja. Nimewaona wagonjwa wengi wakitengewa chakula chao, na wengi wao huvumilia kwa siku chache, kisha hurudi kwenye sinia, kwa kuwa kula na watu wako ni nusu ya chakula chenyewe. Isitoshe, chumvi inayomdhuru mama haimfai baba wala watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima, awe na presha au asiwe nayo, asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na watoto wapewe pungufu ya hapo kulingana na umri na ukubwa wao. Kwa hiyo ukimweleza baba kwamba unapunguza chumvi ya nyumba kwa ajili ya watu wote sita, utakuwa unamweleza ukweli mtupu.

Sasa utajuaje mnatumia kiasi gani? Usijisumbue kupima kila chungu. Chukua pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, iandike tarehe kwa kalamu siku unapoifungua, kisha angalia inakwisha lini. Watu sita kwa gramu 5 kila mmoja ni gramu 30 kwa siku, na kwa hesabu hiyo pakiti inapaswa kudumu zaidi ya siku 16. Ikiwa inakwisha kwa wiki moja, basi kila mmoja wenu anapata karibu gramu 12, hata kabla hamjahesabu iliyomo ndani ya vyakula vya kununua. Ikidumu mwezi mzima, kila mmoja anapata chini ya gramu 3 kutoka chunguni, na hapo ndipo ningependa mfike, kwa sababu nafasi inayobaki itajazwa na chumvi isiyoonekana. Chumvi yenyewe iendelee kuwa ile yenye madini ya joto, usihamie chumvi ya mawe eti kwa kuwa ni ya asili. Chumvi ya Gongoni, ya baharini au ya milimani, zote zina sodiamu ileile, na sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha.

Hiyo isiyoonekana ndiyo inayowashinda wengi. Kipande cha samaki mkavu wa chumvi chenye uzito wa gramu 50, kabla hakijarowekwa, kinaweza kuwa na gramu 5 za chumvi au zaidi, yaani kiasi cha siku nzima ndani ya tonge chache. Vidonge vya kukolezea mchuzi sehemu yake kubwa ni chumvi. Mkate wa boflo hauna ladha ya chumvi mdomoni, lakini vipande vinne vinaweza kubeba gramu moja na nusu. Ongeza achari, sosi za chupa, kachri na viazi vya pakiti, na magadi ambayo wengine huyatia kwenye maharage yaive upesi, maana magadi nayo ni sodiamu. Mtu anaweza kukuambia kwa kiapo kwamba hagusi kidau cha chumvi mezani, na akawa anasema kweli, huku presha haishuki.

Kuhusu ile karatasi, usiitupe, ila ielewe inataka nini. Inatokana na mpango wa ulaji unaoitwa DASH, ambao matokeo ya utafiti wake yalichapishwa nchini Marekani mwaka 1997. Watu wazima 459 waligawanywa, kundi moja likaendelea na chakula cha kawaida cha Wamarekani na jingine likapewa matunda na mboga kwa wingi, maziwa yenye mafuta kidogo, nafaka zisizokobolewa, kunde na samaki, huku nyama nyekundu na vitu vitamu vikipunguzwa. Kwa waliokuwa na presha ya juu, kipimo cha juu kilishuka kwa takriban milimita 11 za zebaki zaidi ya kundi la kawaida, na hapo chumvi yao ilikuwa haijaguswa. Mwaka 2001 ukaja utafiti wa pili ulioonyesha kwamba ukiunganisha mpango huo na kupunguza chumvi, nafuu inakuwa kubwa zaidi. Brokoli na samoni hazikuwa siri ya mafanikio. Kilichofanya kazi ni mchanganyiko wa potasiamu, magnesiamu, kalsiamu na nyuzinyuzi, pamoja na upungufu wa mafuta mazito, na hayo yote unayo Lamu: mchicha, kisamvu, bamia, mbaazi, kunde, choroko, viazi vitamu, ndizi, mapapai, maembe, mtindi, mtama wa mkate wa mofa, na changu aliyetoka majini asubuhi. Potasiamu ndiyo inayozisaidia figo kutoa sodiamu kwenye mkojo na kuilegeza mishipa ya damu, ndiyo maana tunawahimiza watu wale mboga na kunde kila siku badala ya kuzifanya pambo la sinia.

Wali wa nazi usiuharamishe. Tui halipandishi presha kama chumvi inavyoipandisha, ila mafuta yake mengi ni yale mazito yanayoongeza lehemu mbaya, na mwenye presha ana sababu mbili za kuilinda mishipa yake. Pika wali kwa tui jepesi siku za kawaida, tui zito liache kwa ajili ya wageni na Ijumaa, na sinia lipakuliwe kwa namna ambayo mboga na mbaazi zinachukua nusu yake. Ikiwa mama ana uzito uliozidi, jambo hilo litamsaidia pia kuupunguza, kwani kwa makadirio ya jumla kila kilo inayopungua hushusha presha kwa milimita moja hivi.

Dawa asiache, hata vipimo vikiwa vizuri, mpaka daktari aseme. Ninasisitiza hili kwa sababu kuna wanaokunywa maji ya thomu au ya majani ya mronge, wakasikia kichwa chepesi, wakaacha vidonge, na presha haina tabia ya kumpigia mtu hodi. Kipimo kikizidi 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, hilo si suala la chakula tena, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Mpishi wa Langoni (Lamu) anajibu:

Mdogo wangu, muuguzi amemaliza upande wa afya, nami niseme upande wa jiko, maana ninapikia shughuli za watu na nimeombwa na nyumba nyingi chakula cha wenye presha.

Kwanza, usipunguze chumvi kwa ghafla. Ukiitoa yote siku moja, sinia litarudi jikoni limejaa na baba atakuwa na hoja. Punguza robo, kaa nayo wiki mbili, kisha punguza tena. Ulimi huzoea, na baada ya wiki kadhaa watu wenyewe huanza kulalamika kwamba chakula cha kwa jirani kina chumvi nyingi.

Pili, chagua mahali pa kuiweka chumvi. Sisi tumezoea kutia chumvi kwenye wali, tukatia kwenye mchuzi, tukamsugulia samaki, kisha tukaweka achari pembeni. Wali uupike bila chumvi kabisa. Uteleke na tui jepesi, kijiti cha mdalasini, iliki mbili na karafuu moja, na hakuna atakayegundua kama mchuzi unaoumiminia una ladha yake. Na kwenye mchuzi chumvi iingie mwisho. Ukiitia mwanzoni, tui linapungua motoni na chumvi inabaki palepale, ndipo mchuzi unapokuwa mkali bila wewe kukusudia. Subiri upungue na uzito wake utulie, zima moto, tia kidogo, koroga, ndipo uonje.

Tatu, tumia ukali na harufu. Samaki wa kupaka anaweza kupikwa kwa chumvi kidogo mno bila mtu kuuliza. Mkate changu mistari mirefu hadi karibu na mfupa, saga thomu, tangawizi, pilipili mbichi na bizari ya manjano pamoja na ukwaju uliokamuliwa mzito, umpake mpaka ndani ya zile chanja, na umwache saa moja au mbili. Mwoke kwa makaa upande mmoja hadi ngozi ianze kupasuka, mgeuze, ndipo uanze kumpaka tui lililopikwa na ule ukwaju uliobaki, tabaka juu ya tabaka, hadi likauke na kuwa na madoa ya kuungua. Ndimu uikamulie mezani, si jikoni, kwa sababu uchachu wake ukiwa mpya ndio unaouziba ulimi usiitafute chumvi. Mbaazi nazo ziroweke usiku kucha badala ya kuzitia magadi, uzichemshe, uziungie kitunguu kilichokaangwa kwa uto kidogo hadi kikawa cha rangi ya kahawia, kisha tui jepesi na pilipili nzima isiyopasuliwa.

Ama ng'onda na papa, sitakuambia umnyime mama. Mkate vipande vidogo, umwoshe, umroweke usiku mzima ukibadilisha maji mara tatu au nne, umchemshe dakika chache na maji hayo uyamwage, kisha umchambue na umtumie kama kiungo cha kunogesha mchuzi wa bilingani, bamia au mchicha, bila kutia punje ya chumvi nyingine chunguni. Kipande kilichokuwa cha mtu mmoja kiwe cha sinia zima. Harufu ya ng'onda itabaki, na hiyo harufu ndiyo anayoipenda. Na wakati samaki wabichi wamejaa, ukiwa na mahali penye barafu au jokofu, wagandishe ili kusi isikukute na wa chumvi peke yake.

Mzee wa Faza anajibu:

Binti yangu, mimi mwenyewe ninaishi na presha kwa miaka, na ninakubaliana na waliotangulia, ila kuna mambo ya nje ya chungu ambayo yasiposemwa utapunguza chumvi nyumbani na usione faida.

La kwanza ni maji. Visima vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na hiyo nayo ni sodiamu inayoingia mwilini kwa kila kikombe cha chai na kila chungu cha wali. Ninyi mjini Lamu mna bahati ya maji matamu yanayotokana na matuta ya mchanga ya Shela. Sisi wa kisiwa cha Pate tumerithi majabia ya kuvunia maji ya mvua. Ikiwa kwenu mnachanganya maji ya kisima cha nyumbani, yatumieni kwa kufulia na kuoshea, na ya kunywa na kupikia yawe yale matamu.

La pili ni shughuli za watu. Harusini, hitimani na wakati wa Maulidi mama atakula biriani na pilau iliyopikwa na wengine, na si adabu kuhoji chungu cha mwenzako. Mimi hula wali kidogo, nikaacha rojo na achari, nikajaza kachumbari na ndizi, na siku ile chakula changu cha usiku huwa matunda na uji usio na chumvi. Mwezi wa Ramadhani uangalieni mapema: sambusa, bajia na supu za futari zina chumvi nyingi kuliko zinavyoonekana, ilhali tende, matunda, muhogo na mbaazi zingetosha. Saa za kumeza dawa nazo zihamishwe kwa ushauri wa daktari kabla mwezi haujaandama, wala zisikatizwe.

La tatu, kwa kuwa wanawake wa rika la mama huumwa magoti, muulize anameza nini kwa maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa madukani hupandisha presha na kuzichosha figo, hasa kwa mtu aliye kwenye dawa kama enalaprili. Mdogo wako wa kiume naye, kama anakaa barazani na miraa, ajue kwamba miraa huyaongeza mapigo ya moyo na presha, na ugonjwa huu mara nyingi hutembea katika ukoo. Apimwe tangu sasa.

Binti Mkomani anaandika tena:

Wazee wangu na dada yangu, nimewasoma neno kwa neno na nimemsomea baba pia. Hesabu ya pakiti ya chumvi imemgusa kuliko maneno yangu yote, kwa sababu yeye ndiye anayeinunua na anajua inavyokwisha haraka. Amekubali tuanze kupunguza robo, kwa sharti kwamba ndimu na pilipili zisikosekane. Maji ya kisima chetu tutaacha kuyapikia.

Limebaki swali moja. Jamaa yetu aliyeko Mombasa amependekeza atuletee chumvi maalumu ya wenye presha, ambayo anasema sehemu yake imebadilishwa ikawa potasiamu. Na kwa kuwa muuguzi amesifu potasiamu, mama ameanza kuulizia madafu kila siku. Je, nimruhusu vyote viwili?

Muuguzi Mstaafu anajibu:

Binti yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua.

Chumvi hiyo ni kitu cha kweli. Nchini China ulifanyika utafiti mkubwa katika vijiji 600, ukahusisha watu karibu 21,000 ambao wengi wao walikuwa wamewahi kupata kiharusi, na wengine walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi na presha isiyotulia. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba viharusi na vifo vilipungua kwa waliotumia chumvi hiyo. Lakini wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa, na sababu yake inamhusu mama moja kwa moja: figo zilizodhoofika hushindwa kutoa potasiamu inayozidi, na enalaprili nayo huifanya potasiamu ibaki mwilini. Ikipanda kupita kiasi huvuruga mapigo ya moyo, na inaweza kufanya hivyo bila dalili ya kumtahadharisha mtu.

Kwa hiyo chumvi ile isije nyumbani bado. Katika kliniki ijayo muombe daktari ampime mama damu kwa kreatinini, yaani taka ya mwili inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na potasiamu, kipimo ambacho kwa vyovyote mtu aliyeanzishwa enalaprili anastahili kufanyiwa. Figo zikiwa nzima na potasiamu ikiwa ya kawaida, daktari anaweza kuiruhusu chumvi hiyo na kupanga lini kipimo kirudiwe. Mpaka hapo mboga, mbaazi na matunda ya mlo wa kawaida aendelee navyo, isipokuwa kama amewahi kuambiwa figo zake zina kasoro. Dafu moja mara mojamoja si neno kwa mwenye figo nzima, lakini la kila siku lingoje majibu. Akiwa na kisukari, mwambie daktari, kwa kuwa kisukari huziharibu figo kimyakimya na hubadilisha hesabu ya matunda vilevile.

Kwenda kliniki chukua daftari la vipimo. Kama mnaweza kupata mashine ya kupimia, mama apimwe asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa wiki nzima kabla ya siku ya kliniki. Aketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imetua chini bila kukunjana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na awe hajanywa kahawa kwa nusu saa wala hana haja ya kwenda msalani. Pima mara mbili kwa mapumziko ya dakika moja, uandike zote mbili, na pembeni uandike siku ambazo mlikula ng'onda au mlikwenda harusini.